Jitihada na Kudura: Vitabu Viwili vya Kisa Kimoja

Methali isemayo kwamba jitihada haiondoi kudura yafaa kuwa mizani ya kupimia vitabu viwili vilivyotolewa mwaka 1943 juu ya msiba mmoja. Mwezi wa Oktoba 1942 ndege ya mabomu ya Marekani, aina ya B-17, iliruka kutoka Hawaii kuelekea kisiwa cha Canton. Ilipotea njia juu ya Bahari ya Pasifiki, mafuta yakaisha, ikalazimika kutua majini. Watu 8 waliingia katika mashua tatu za mpira, wana machungwa manne tu wala hawana maji. Baada ya zaidi ya siku 20 waliokolewa 7. Watatu kati yao walipata hifadhi kwa wenyeji wa Nukufetau, katika visiwa ambavyo leo ni nchi ya Tuvalu.

Edward Rickenbacker, rubani mashuhuri wa Vita Kuu ya Kwanza, ambaye safari hii alikuwa abiria, alitunga *Seven Came Through*, yaani saba walivuka. James Whittaker, rubani msaidizi, alitunga *We Thought We Heard the Angels Sing*, yaani tulidhani twasikia malaika wakiimba. Majina hayo yenyewe ni hoja. La kwanza lahesabu watu. La pili latega sikio mbinguni. Rickenbacker hakani dua, lakini nguzo ya kitabu chake ni nidhamu: aliwakaripia na kuwatukana wenziwe ili hasira iwazuie wasikate tamaa. Whittaker, aliyeingia baharini bila imani, asimulia jinsi alivyoipata. Hata shakwe aliyetua juu ya kichwa cha Rickenbacker baada ya sala, akaliwa na matumbo yake yakawa chambo, ana uzito mbalimbali: huku ni riziki iliyokamatwa kwa mkono mtulivu, huku ni ishara.

Udhaifu wa vitabu vyote viwili hudhihirika kwa mtu wa nane. Kijana huyo, aliyekuwa ametoka hospitali karibuni, alikunywa maji ya bahari akafa. Ikiwa ukali huokoa, yeye naye aliusikia; ikiwa dua huokoa, yeye naye aliombewa. Mwandishi anayetaka kisa kithibitishe kanuni hulazimika kumpita marehemu kwa haraka.

Hata hivyo Rickenbacker asimulia kwamba alimchukua kijana yule katika mashua yake, akamkumbatia usiku ili kumkinga na baridi. Hapo mkali aiacha kanuni yake, na kitendo hakileti faida yoyote isipokuwa huruma. Kwa sababu hiyo kurasa hizo zapita kwa ubora kurasa za ushindi katika vitabu vyote viwili. Msomaji wa visa vya kuokoka na aanze kwa kuuliza jinsi mtunzi alivyomtendea yule asiyeokoka.