Ushuhuda wa Waliookoka kama Fasihi ya Uponyaji

Utangulizi

Wahakiki wetu wamekwisha kuandika mengi juu ya ngano, methali, vitendawili, majigambo na nyimbo za jando. Lakini ipo fani moja ya masimulizi ambayo kila juma hutolewa mbele ya watu wengi, toka Kigezi hadi Dodoma na toka Bukoba hadi Murang'a, nayo bado haijapewa nafasi yake katika vitabu vyetu vya uhakiki. Fani hiyo ni ushuhuda, yaani masimulizi ya mtu anayesimama mbele ya wenzake na kueleza jinsi maisha yake yalivyoharibika, na jinsi yalivyogeuzwa kwa imani ya Kikristo.

Pengine umeachwa kwa sababu mbili. Wapo wanaouona kuwa ni jambo la dini tu, na kwa hiyo si la fasihi. Wapo pia wanaouona kuwa ni mali ya wageni, iliyokuja pamoja na misheni. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba hoja zote mbili ni pungufu. Hatutaamua kama imani ya msemaji ni ya kweli au si ya kweli, maana hiyo si kazi ya mhakiki. Swali letu ni hili: ushuhuda unaponyaje, na tutaupima kwa kipimo gani?

Asili yake

Ushuhuda tunaouzungumzia ulipata umbo lake katika Uamsho wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1929, mjini Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi alikutana na daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, nchini Rwanda. Kutokana na urafiki wa watu hao wawili, na juhudi za wenzao kama Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, moto uliwaka Gahini katika miaka ya 1930. Kigozi alifariki Januari 1936, akiwa bado kijana, lakini neno lake la Kiganda «Zukuka», yaani «Amka», lilibaki kuwa mwito wa wote waliomfuata. Mwaka 1937 kundi la wahubiri lilifika Kabete, Kenya. Kabla ya miaka kumi hiyo kwisha Uamsho ulikuwa umekwisha kuingia Tanganyika kwa upande wa magharibi ya Ziwa Viktoria.

Yafaa tukumbuke kwamba chimbuko la harakati hii lilikuwa hospitali. Watu waliokuwa wakifunga vidonda na kugawa dawa ndio waliokuja kusema kwamba wao wenyewe walikuwa wagonjwa. Yafaa tukumbuke pia kwamba Uamsho haukuwapendeza wakubwa. Mwaka 1941 wanafunzi ishirini na sita, akiwamo William Nagenda, walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono kwa sababu ya msimamo wao. Basi, si haki kusema kwamba ushuhuda ulikuwa sauti ya misheni ikipita katika vinywa vya Waafrika. Mara nyingi ulikuwa sauti ya Waafrika ikiisuta misheni.

Lakini mizizi ya jambo hili ni mirefu kuliko mwaka 1929. Miongoni mwa Wanyakyusa wa kusini mwa Tanzania, ilijulikana tangu zamani kwamba hasira iliyofichwa moyoni inaweza kuleta ugonjwa katika jamaa, na kwamba dawa yake ni ndugu kukutana na kuyatoa magomvi yao kwa maneno. Wataita wa Kenya walikuwa na ibada ya kutasa, ambamo mtu hutia maji au pombe kinywani, akaipuliza huku akitamka maneno ya kuondoa kinyongo chake, ili aliyedhuriwa na kinyongo hicho apate nafuu. Waswahili nao wanasema, «Mficha maradhi kifo humuumbua.» Kwa hakika, Mwafrika aliyesimama Gahini au Kabale na kutoa mambo ya moyoni hakuwa akijifunza jambo geni kabisa. Alikuwa akiliendeleza jambo la wazee wake kwa jina jipya.

Hata hivyo ipo tofauti moja kubwa, nayo itatusaidia baadaye. Katika kutasa, anayesema ni mwenye hasira, yaani yule anayehisi kwamba amekosewa. Katika ushuhuda, anayesema ni mkosaji. Aliyekosewa amekaa miongoni mwa wasikilizaji, au hayupo kabisa.

Fani

Kama ngano ilivyo na «Paukwa! Pakawa!», ushuhuda nao una mwanzo wake. Msemaji humsifu Bwana, hadhira ikaitikia. Kisha hujitaja jina, na kusema kwamba yeye ni mwenye dhambi aliyeokolewa kwa neema. Baada ya hapo masimulizi hupita katika hatua tatu: maisha ya zamani, siku ya kugeuka, na maisha mapya. Mwisho hadhira hupokea kwa wimbo, na wimbo unaojulikana kuliko yote ni ule wa Kiganda uitwao Tukutendereza, ambao huimbwa hata na watu wasiojua neno jingine la Kiganda. Kwa hiyo hadhira ya ushuhuda haikai kimya. Ni hadhira yenye haki ya kupokea, na hata ya kutopokea: wimbo ukichelewa, msemaji hujua kwamba maneno yake hayakuwaingia ndugu.

Tofauti yake na ngano ni kwamba ngano ina mwisho. Mtambaji akimaliza, hadithi imekwisha na watu huenda kulala. Lakini aliyeshuhudia juma lililopita hutazamiwa kushuhudia tena juma hili, maana kwa wanauamsho kutubu hakukamiliki kwa siku moja. Wao huita jambo hilo kutembea nuruni.

Lugha yao ina utajiri unaostahili kuchunguzwa na kila mwalimu wa Kiswahili. Tuchukue kitenzi «kuokoka». Kimetokana na «okoa» katika kauli ya kutendeka, kama «vunjika» na «funguka». Kauli hiyo humwacha mtenda nje ya sentensi. Anayesema «nimeokoka» hajisifu kwamba amejiokoa, wala hamtaji aliyemwokoa. Hueleza tu hali aliyojikuta ndani yake. Kitenzi «kuvunjika» nacho kimegeuzwa. Katika mazungumzo ya kawaida, kuvunjika moyo ni kukata tamaa. Kwa wanauamsho, kuvunjika ni mwanzo wa tumaini, maana moyo mgumu ndio uliokuwa maradhi. Tena kiko kitenzi «kupona», ambacho katika Kiswahili hubeba maana mbili: mgonjwa hupona homa, na aliyetoka salama katika ajali husema amepona ingawa hakuwa mgonjwa. Ushuhuda hukaa katikati ya maana hizo mbili. Ndiyo sababu msemaji anaweza kuyasimulia maisha yake kama ugonjwa na kama ajali kwa pamoja, na hakuna msikilizaji anayeona kwamba amechanganya mambo.

Maudhui

Sasa tufikie kiini cha hoja yetu. Tuseme watu wawili wanashuhudia. Wa kwanza anasema: «Nilikuwa mwizi na mlevi, Bwana akanitoa katika matope, sasa nina furaha.» Wa pili anasema: «Nilichukua mifuko minne ya saruji katika ghala la shule. Mlinzi akafukuzwa kazi kwa ajili ya mifuko ile. Juzi nilikwenda kwake, nikamweleza, kisha tukaenda pamoja kwa mwalimu mkuu.» Wa kwanza ametumia fani yote kama ipasavyo, wala hakukosea hatua hata moja. Lakini ni wa pili aliyetuponya masikio. Katika maneno yake kuna kitu kilichohesabiwa, kuna mtu aliyeumizwa, na kuna safari iliyofanywa kwa miguu.

Katika siku zake bora Uamsho ulijulikana kwa jambo hilo hasa. Watu walirudisha vitu walivyoiba, walilipa madeni ya zamani, na walikwenda kuomba radhi kwa wale waliokuwa wakiwachukia. Festo Kivengere, ambaye alifundisha Dodoma katika miaka ya 1940 na 1950, na baadaye akawa askofu wa Kigezi, amesimulia jinsi alivyookoka mwanzoni mwa miaka ya 1940 akiwa mwalimu kijana, na jinsi alivyopanda baiskeli akaenda mwendo mrefu kumwomba radhi Mzungu aliyemchukia. Masimulizi hayo yanasisimua kwa sababu ya baiskeli ile. Mtu anaweza kudai kwamba moyo wake umebadilika, lakini maili za barabara ya vumbi hazidaiwi, husafiriwa. Tena tutazame hali ya wakati ule: mtawaliwa anamwendea mtu wa jamii ya watawala, naye haendi kwa unyonge, bali kama mtu aliye huru kiasi cha kukiri chuki yake mwenyewe. Mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa, Kivengere huyo huyo alilazimika kuikimbia Uganda, na mwaka huo huo akatoa kitabu alichokiita I Love Idi Amin, yaani «Nampenda Idi Amin». Asiyejua habari ya baiskeli anaweza kudhani kwamba jina la kitabu ni mzaha au ni woga. Anayeijua ataona kwamba ni safari ile ile, ila sasa ni ndefu zaidi.

Fasihi andishi nayo imeliona jambo hili. Katika riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iitwayo A Grain of Wheat, iliyotolewa mwaka 1967, Mugo anasimama mbele ya umati siku ya Uhuru wa Kenya na kukiri kwamba ni yeye aliyemsaliti Kihika. Wanakijiji walikuwa wakimdhania kuwa shujaa, na lawama ilikuwa karibu kumwangukia mtu mwingine, Karanja. Mugo hasemi kwa jina la dini, wala hakuna wimbo wa kumpokea. Umati unatawanyika kwa kimya. Lakini umbo la tendo lake ni la ushuhuda, na Ngũgĩ anatufundisha jambo ambalo mikutano mingi husahau: maneno ya kweli yana gharama. Mugo hakupata nafuu ya bei rahisi. Alimwokoa Karanja na lawama isiyo yake, akajipeleka mwenyewe hukumuni.

Kasoro

Hapana fani isiyo na maradhi yake. Maradhi ya kwanza ya ushuhuda ni mazoea. Hatua tatu zikikaririwa mno, msemaji hujifunza kuyatia chumvi maisha ya zamani ili siku ya kugeuka ing'ae. Hapo dhambi hugeuka kuwa pambo.

Maradhi ya pili ni kuwaumbua wengine. Anayekiri uzinzi hadharani hajavua nguo zake tu. Amemvua pia mwenzake, ambaye huenda hajakubali. Tangu mwanzo wazee wengi walilalamika kwamba mambo ya nyumbani yanatolewa uwanjani. Baadhi yetu hudhani kwamba ulikuwa ukaidi wa watu wa kale. Sivyo. «Siri ya mtungi aijuaye kata» ni hekima pia, na anayejiponya kwa kumjeruhi mwingine hajapona, amehamisha ugonjwa.

Maradhi ya tatu ni mazito zaidi. Ushuhuda ulizoea kutaja dhambi za mtu mmoja mmoja: pombe, wizi, zinaa, hirizi. Dhambi zinazotendwa na kundi zima kwa jina la kundi hazikupata msemaji kwa urahisi. Miaka ile ile ya 1930 ambayo moto uliwaka Gahini, Wabelgiji waliwapa Wanyarwanda vitambulisho vilivyoandikwa kabila. Ulevi ulikiriwa; chuki iliyopigwa muhuri wa serikali haikukiriwa vya kutosha. Wako waliosimama imara. Mchungaji Yona Kanamuzeyi, mtu wa Uamsho, aliuawa Januari 1964 kwa sababu ya kuwahudumia Watutsi waliokuwa wakikimbia kuuawa. Lakini mwaka 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliikumba nchi nzima, na watu waliokimbilia makanisani Ntarama na Nyamata waliuawa humo humo. Si haki kuutwika Uamsho mzigo huo, maana wafuasi wake walikuwa wachache, na makanisa hayo hayakuwa yao. Ila ni haki kusema kwamba kubadilika kwa moyo wa mtu mmoja mmoja hakukutosha kuiponya jamii ambayo ugonjwa wake haukuwa na jina katika orodha ya dhambi zilizozoeleka.

Hapa ndipo tofauti tuliyoitaja mwanzoni inapopata uzito. Katika mila za Wanyakyusa na Wataita, aliyekosewa ana kinywa. Katika ushuhuda, yeye husikiliza na kutazamiwa kuimba. Baada ya mwaka 1994 Wanyarwanda walizifufua mahakama za gacaca, zilizofungwa rasmi mwaka 2012. Ingawa mahakama hizo nazo zilikuwa na upungufu wake, zilimweka mkosaji na aliyekosewa katika uwanja mmoja, kila mmoja akiwa na haki ya kusema na ya kujibu.

Hitimisho

Tumeona kwamba ushuhuda ni fasihi simulizi kamili, yenye mwanzo wake, hatua zake, lugha yake na hadhira yake, na kwamba mizizi yake imo katika udongo wetu na katika imani ya Kikristo pia. Kipimo tunachopendekeza kina maswali matatu. Je, msemaji ametaja jambo lenyewe, au amelizunguka kwa maneno makubwa? Je, amekiri lililo lake tu, bila ya kumwanika asiyekuwapo? Na je, aliyekosewa amepata nafasi ya kujibu?

Walimu wetu wanaweza kufanya kazi kubwa hapa. Si kazi yao kuwataka wanafunzi washuhudie darasani. Kufanya hivyo kungekuwa kuwaonea. Lakini wazee waliousikia Uamsho katika miaka yake ya mwanzo wamekwisha kuwa wachache mno, na waliolelewa na wazee hao nao wanazeeka. Mwanafunzi mwenye daftari na adabu, aliyeomba ruhusa kwanza, anaweza kuandika namna walivyosema, maneno waliyoyageuza, na vitu walivyovirudisha. Asisahau kumwuliza pia yule aliyeletewa mifuko ya saruji mlangoni kwake, maana habari yake haijaandikwa na mtu.