Anayejua Kutazama

Katika tamthilia ya mapenzi mimi humwangalia yule asiyesema. Wapenzi wawili wamekaa, mmoja anamwaga maneno, kamera inamgeukia mwenzake anayesikiliza. Hapo ndipo hujulikana kama aliyepewa nafasi ile alistahili. Sura nzuri inaweza kumvusha mtu kwenye maneno matamu, hata kwenye machozi, lakini kwenye kusikiliza haimsaidii kitu.

Ufundi wa kuteua waigizaji naupenda kuliko ufundi mwingine wote wa tamthilia, na ndio tunaousifu kidogo kuliko yote. Msanii akiuvaa uhusika vizuri tunalitaja jina lake sokoni na kwenye mabasi. Aliyemwona kwenye usaili akasema “huyu ndiye” hatumjui.

Hapa Gulwe, wilayani Mpwapwa kwenye nchi ya Wagogo, tamthilia zinatazamwa kwa pamoja, kwenye banda lenye televisheni moja na mabenchi ya mbao, na hukumu hutolewa papo hapo. Jioni moja stelingi alikuwa akimwambia msichana kwamba hawezi kuishi bila yeye. Mama muuza karanga, ungo mapajani, alikuwa akipima kikombe cha mteja, akasimamisha mkono. “Huyu hampendi,” akasema. “Anajitazama mwenyewe.” Kijana alikuwa amesimama vizuri, shati limemkaa, sauti imetulia, ila macho yake yalikuwa yakimpita msichana na kuitafuta kamera. Mama yule alilimaliza kwa maneno machache jambo ambalo wahakiki wangelijazia kurasa. Mpenzi wa kwenye tamthilia anatakiwa ajue kutazama kuliko kutazamwa. Waliozoea kusifiwa uzuri wao aghalabu wamezoea kutazamwa, ndiyo maana nasikitika kila ninapoona uzuri peke yake umetumika kama kipimo.

Tukipata uteuzi mzuri, sisi Watanzania tuna namna yetu ya kuuheshimu: tunambatiza mwigizaji jina la mhusika na hatumrudishii lake. Tangu Kundi la Sanaa la Kaole lilipotuweka mbele ya ITV, Blandina Chagula kwetu ni Johari. Daudi Michael alicheza kwenye tamthilia ya Siri ya Mtungi akatoka humo akiwa Duma. Kwa aliyewateua sidhani kama kuna tuzo kubwa kuliko hiyo. Ila jina likishika, linamtangulia mtu kila aendako. Johari akitokea na mwigizaji mwenzake Ray, kabla hawajafungua mdomo sisi tumeshajaza wenyewe mapenzi, ugomvi na usaliti wa hadithi zote walizopita nazo. Mwandishi mpya anakuta kurasa zake zimeshaandikwa.

Kwa hiyo moyo wangu umegawanyika juu ya Siri ya Mtungi, tamthilia ya mwaka 2012 iliyoongozwa na Jordan Riber, ambayo hadithi yake inatokea Bagamoyo. Kumpa Juma Rajab Rashid nafasi ya Cheche, mpiga picha, ulikuwa uamuzi wa kijasiri. Kwa wengi wetu alikuwa sura ngeni, tukalazimika kumfahamu Cheche pole pole, kama anavyofahamika mkwe mgeni. Na mhusika ambaye kazi yake ni kupiga picha hawezi kuchezwa na mtu asiyejua kutazama. Halafu anaingia Yvonne Cherrie, Monalisa wetu wa miaka yote. Naipenda kazi yake kwa dhati, maana anajua kukaa kimya katikati ya sentensi na kimya kile kikasema. Lakini dakika za mwanzo namwona Monalisa, simwoni mhusika. Najua pia kwamba bila majina kama lake banda la Gulwe lisingejaa. Mambo haya mawili sijaweza kuyapatanisha, na sioni kwa nini nijilazimishe.

Kuna pia uteuzi wa sauti. Mwaka 2011 TBC ilituletea tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, ikizungumza Kiswahili. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja alipohutubia Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Sura zilikuwa zimeshateuliwa Uchina, kilichobaki kilikuwa koo. Ukimpa mama mkwe sauti ya msichana umeiua hadithi. Sauti ikiwa na umri, ikawa na ule utamu wenye mwiba ndani, mtazamaji husahau mdomo unaokwenda kombo. Yeyote aliyewahi kuwa mkwe wa mtu aliitambua sauti ile. Kiswahili chake tu ndicho kilichonitatiza, kilivyonyooshwa na kupigwa pasi, maana watu wakigombania mwana hawaongei kama wasoma taarifa ya habari.

Hapo nafika kwenye linaloniuma. Katika tamthilia zetu nyingi, lafudhi ya bara hupewa mlinzi, mfanyakazi wa ndani, au mshamba aliyeshuka mjini ili achekwe. Mgogo anaposema kwenye skrini, mara nyingi amewekwa hapo ili watu wacheke kabla hajamaliza. Sijawahi kumwona akipewa nafasi ya kumwambia mtu anampenda, na watazamaji wakanyamaza kumsikiliza. Na hawa ndio watu wa mwanamuziki Hukwe Zawose, aliyetoka Dodoma na marimba na zeze akaenda kufundisha Bagamoyo, mji uleule wa Cheche. Dunia nzima ilikaa kimya kumsikiliza. Kama sauti ya Kigogo inaweza kubeba wimbo kiasi kile, inaweza kubeba posa.

Mwongozaji anayetafuta stelingi wa tamthilia ijayo ashuke Gulwe. Reli ya zamani inafika, na ya SGR inapita hapahapa. Akisalimiwa kwa Kigogo, “mbukwa”, aitikie, kisha afungue usaili chini ya mti wowote karibu na stesheni. Asiwaambie vijana walie, na asiwape mistari ya kukariri. Awakalishe wawili wasiofahamiana kwenye benchi moja, mmoja amsimulie mwenzake jinsi mtama ulivyokauka mwaka ule mvua ilipokatika mapema. Kamera aielekeze kwa yule mwingine. Akiona mtu amesahau mikono yake, amesahau kwamba kuna watu wanamwangalia, anamfuata msimuliaji hadi shambani na kurudi, amwandike jina. Kama ni msichana mweusi tii mwenye mwanya na lafudhi ya Mpwapwa, amwandike vilevile, na asiinyooshe lafudhi yake.