Safu na Mzunguko: Picha za Karne ya 19 na Utambulisho wa Watu wa Mvita

Picha za karne ya 19 hutumiwa mara nyingi kuwa ushahidi wa jinsi jamii za pwani zilivyojitambulisha katika misafara yao ya ibada. Ushahidi huo una kasoro iliyomo katika chombo chenyewe. Vioo vilivyotumika hadi miaka ya 1870 vilihitaji kupokea nuru kwa sekunde kadhaa: aliyesimama alionekana, aliyetembea akageuka ukungu. Vioo vikavu, alivyovibuni Richard Leach Maddox mwaka 1871, vilipunguza muda huo baadaye, lakini desturi ya kupanga watu mbele ya kamera haikukoma.

Athari yake huonekana katika kingo mbili za mkono wa bahari wa Tudor, unaotenga kisiwa cha Mombasa na Kisauni. Upande wa bara, Church Missionary Society ilianzisha Frere Town mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Maisha ya misheni yalipangwa kwa safu, shuleni na kanisani, na safu hukubali kupigwa picha. Upande wa kisiwani, Thenashara Taifa walikuwa na Siku ya Mwaka, ambapo ng'ombe alizungushwa mji kabla ya kuchinjwa. Maana ya ibada hii haimo katika wingi wa watu bali katika njia yao: mzunguko huonyesha mji unaishia wapi na ni nani waliomo. Mzunguko hauenei katika picha moja. Ikinaswa kona moja ya njia, hubaki ng'ombe na kundi la watu tu.

Kwa hiyo, apimaye utambulisho kwa picha peke yake atadhani kwamba Frere Town ilikuwa jamii, na Mvita umati. Lugha husahihisha dhana hiyo. Msemo "kuzungusha ng'ombe" umehifadhi mwendo uliopotea kiooni. Kadhalika jina la Kengeleni, litokanalo na kengele ya Frere Town, limehifadhi sauti ambayo safu zilizopigwa picha haziwezi kuitoa. Hata wamisheni hawamo kikamilifu katika picha zao.

Hapana budi, basi, mtafiti asiandike "maandamano" chini ya kila picha ya watu wengi. Yafaa kwanza achunguze wenyewe waliitaje: zefe, ziara, au mzunguko. Jina likikosewa, jamii hupewa sura isiyo yake.