Picha ya Emau na Gundi Yake

Huko Rotterdam, nchi ya Uholanzi, jumba la makumbusho la Boijmans lina picha ya Bwana Yesu akiwa mezani na wale wafuasi wawili wa Emau. Mwaka 1937 bingwa mzee Abraham Bredius aliisifu mno, akisema ni kazi ya Johannes Vermeer wa Delft, aliyekufa mwaka 1675. Kisha ilinunuliwa kwa gulden zaidi ya 500,000.

Kumbe mchoraji wake alikuwa hai, jina lake Han van Meegeren. Mwaka 1945 alikamatwa kwa sababu picha nyingine ya «Vermeer» aliyoiuza ilifika mikononi mwa Göring, mkubwa wa Wanazi. Ili asihukumiwe kuwa msaliti wa nchi yake, aliungama kwamba hiyo aliichora mwenyewe, na ile ya Emau pia. Lakini mwongo akisema, «Nilidanganya,» tutajuaje kama sasa anasema kweli? Kazi ya kuchunguza ikapewa wataalamu, wakiongozwa na Paul Coremans, Mbelgiji, mkuu wa maabara ya makumbusho ya Bruxelles.

Picha ya namna hii ina unga wa rangi, na kitu kinachoushika unga huo. Vermeer alitumia mafuta, kama yale ya mbegu za kitani. Mafuta hayo huchukua miaka mingi sana kuwa magumu kabisa. Rangi changa ikipanguswa kwa alkoli hulainika, lakini ya kale hustahimili. Van Meegeren alilijua jaribio hilo. Basi alichanganya unga wake na gundi ya fenoli na formaldehidi, akaichoma picha katika tanuri mpaka ikawa ngumu. Kisha akaikunjakunja turubai ipate nyufa, akatia weusi ndani yake kama vumbi la zamani.

Werevu huo ndio uliomfichua. Gundi ile ni jamaa ya bakeliti, iliyoundwa mwaka 1907 na Leo Baekeland, mzaliwa wa Gent. Coremans na wenzake waliikuta ndani ya rangi. Vermeer angeipata wapi, zaidi ya miaka 230 kabla haijakuwako? Mahakama ilimhukumu van Meegeren mwaka 1947. Wengine waliendelea kubisha, hata Coremans akashtakiwa, naye akashinda mwaka 1955. Mwaka 1968 vipimo vya risasi iliyomo katika rangi nyeupe vilionyesha tena kwamba picha ya Emau ni mpya.

Sasa tuitazame picha yenyewe, maana maabara haikusema kama ni nzuri au mbaya. Hukumu hiyo ni yetu. Mtungi mweupe ni mzuri, na mkate una vitone vya nuru kama vya Vermeer. Lakini kope za watu ni nzito mno, nyuso zimelegea kwa huzuni, na nguo zimeanguka kana kwamba hazina mwili ndani. Twaona huzuni, hatuoni mshangao wa watu waliomtambua Bwana wao. Mambo hayo yalionekana hata mwaka 1937, pasipo chombo chochote. Wenye elimu hawakuyaona kwa sababu walikuwa wakingoja siku nyingi picha ya dini ya Vermeer. Hamu ilitangulia, macho yakafuata.

Wako wasemao: kama picha iligusa mioyo, gundi ina neno gani? Sisi twajibu: ina neno kubwa. Picha ya kale ni ushuhuda wa mtu wa wakati wake, na shahidi wa uongo hafai, hata akisema maneno matamu. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Luka anasimulia kwamba macho ya wale wawili yalifumbwa njiani, yakafumbuliwa mezani. Macho ya mabingwa wa Uholanzi yalifumbwa mbele ya meza ileile iliyochorwa, na aliyesaidia kuyafumbua ni mtu aliyeuliza swali dogo: rangi hii imeshikwa na nini?