Figo Zitangulie: Hesabu ya Bakuli la Paka Mwenye Kisukari

Katika kaunti za Meru na Embu, daktari wa mifugo akipigiwa simu usiku, aghalabu ni ng'ombe aliyekwama kuzaa au mwenye homa ya maziwa. Agroveti zimejaa chakula cha ng'ombe wa maziwa, chumvi ya kulamba na dawa ya kupe. Paka hula kinachobaki: ugali uliolowekwa maziwa, omena, vichwa vya samaki. Paka mzima anayejiwindia panya humudu. Ila paka wa miaka 12 aliyepimwa akakutwa na kisukari pamoja na figo zilizochoka, karibu kila kitu katika orodha hiyo kinamdhuru, na kila kimoja kwa njia yake. Ugali unampandisha sukari. Omena huliwa na mifupa yake, na mifupa ni ghala la fosforasi. Maziwa yana sukari yake na fosforasi juu.

Tatizo la kitaalamu ni kwamba magonjwa haya mawili yanavutana. Kisukari kinataka wanga upungue. Miongozo ya madaktari huweka kikomo karibu asilimia 12 ya nishati yote ya chakula. Figo zinataka fosforasi ishuke na protini isipite kiasi. Sasa, kiwanda kikipunguza protini, nishati lazima itoke kwingine, ama kwenye mafuta ama kwenye wanga. Vyakula vingi vya figo, hasa vile vikavu, huchukua njia ya wanga. Kwa hiyo mfuko unaozisaidia figo unaweza kuichafua sukari, na kopo la nyama tupu linaloituliza sukari linaweza kuzibebesha figo mzigo wa fosforasi.

Nani atangulie? Kwa maoni yangu, figo, hasa ugonjwa ukishavuka hatua za mwanzo. Sukari ina chombo kingine cha kuishusha, yaani insulini. Figo hazina sindano ya namna hiyo. Chakula ndicho sehemu kubwa ya tiba yao.

Ushahidi wa hilo ni mzuri kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2000 Jonathan Elliott na wenzake nchini Uingereza walitoa matokeo ya paka 50 wenye ugonjwa wa figo. Waliokula chakula maalumu waliishi muda wa kati wa siku 633, wasiokila siku 264. Lakini angalia utafiti ulivyofanywa: kundi la pili lilikuwa la paka waliokikataa chakula hicho, au ambao wenye nao hawakukubali kuwabadilishia. Paka anayekataa kula huenda tayari ni mgonjwa zaidi. Pengo hilo lilizibwa mwaka 2006, pale Sheri Ross na wenzake walipowagawa paka 45 kwa bahati nasibu. Kati ya 23 waliopewa chakula cha kawaida, 6 walipatwa na sumu ya mkojo katika damu. Kati ya 22 wa chakula cha figo, hakuna hata mmoja. Hiyo ndiyo namba ninayoiamini.

Basi mtu aliyeshika kopo dukani afanyeje? Asiridhike na picha ya paka mnene kwenye karatasi. Achukue 100, atoe asilimia za protini, mafuta, nyuzi, majivu na unyevu. Kinachobaki ni wanga. Kisha azidishe protini na wanga kwa 3.5, mafuta kwa 8.5, ndipo apate nishati. Tuseme kopo lina protini 8, mafuta 5, nyuzi 0.5, majivu 2 na unyevu 80. Wanga ni 4.5, na unatoa kama asilimia 18 ya nishati. Mfuko mkavu wenye protini 30, mafuta 10, nyuzi 3, majivu 8 na unyevu 10 unabakiza wanga 39, ambao ni asilimia 42 ya nishati. Ni makadirio, kwa sababu lebo hutaja viwango vya chini au vya juu, si vipimo halisi, lakini yanatosha kuuondoa mfuko huo kwenye kikapu. Kopo, hata likizidi kikomo kidogo, lina faida ya pili: maji, ambayo paka huyu anayapoteza mchana na usiku.

Fosforasi ni ngumu zaidi kwa kuwa mara nyingi haiandikwi. Vyakula vya figo hukaa karibu gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilokalori 1,000. Vya kawaida huweza kufika maradufu au zaidi. Kama kampuni haitoi namba hiyo, mimi ningeliacha kopo lake rafuni.

Chakula cha figo kisipopatikana karibu, jikoni kuna vya kuokoa wiki chache: nyama ya kuku isiyo na mfupa, iliyochemshwa na mchuzi wake ukamwagwa, kwa sababu sehemu ya fosforasi hutoka na maji, na pia ute wa yai uliopikwa, ambao una fosforasi kidogo mno ukilinganishwa na kiini. Ila nyama tupu haina kalsiamu ya kutosha, na taurini hupungua kwa kuchemshwa. Paka akiikosa, macho na moyo wake huharibika. Mlo wa kudumu wa nyumbani hutakiwa kupangwa na mtaalamu. Kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete, zaidi ya kilomita 200 kutoka mji wa Meru, lakini majibu ya damu na picha ya lebo husafiri kwa simu.

Hatari kubwa iko siku ya kubadilisha. Ukipunguza wanga bila daktari kupunguza insulini, sukari inaweza kuporomoka hadi paka apoteze fahamu, na figo mbovu huchelewa kuiondoa insulini mwilini. Vilevile ipo insulini ya mifugo ya yuniti 40 kwa mililita, wakati ya duka la dawa la watu kwa kawaida ni 100. Bomba la sindano lisilolingana na chupa huweza kuzidisha au kupunguza dozi mara mbili na nusu. Chakula kibadilishwe polepole, kwa wiki mbili hadi nne, na paka akigoma kula siku nzima, apewe chochote atakachokubali huku daktari akipigiwa simu.

Baada ya mwezi mmoja hivi, damu ipimwe tena. Fosfeti, yaani fosforasi ya kwenye damu, hulengwa isizidi kama milimoli 1.5 kwa lita katika hatua ya pili ya ugonjwa wa figo, 1.6 ya tatu, 1.9 ya nne. Kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, isomwe pamoja na uzito, maana kisukari hula misuli, na paka aliyekonda hutoa kreatinini kidogo hata kama figo zake ni mbovu. Fosfeti ikigoma kushuka, daktari huongeza dawa ya kuinasa tumboni, kama alumini haidroksaidi. Vidonge vya kiungulia vya dukani huwa na alumini hiyo, lakini vingi vimechanganywa na magnesiamu, ambayo figo mbovu hushindwa kuitoa.