Juu ya Muziki wa Katuni Moja ya Ujiji

Msomaji wa jarida la namna hii amezoea kukuta humu mambo ya tenzi, ya lahaja na ya maana za maneno. Yamkini atastaajabu kuona kwamba safari hii namletea muziki wa mashine. Namwomba subira kidogo. Muziki ninaotaka kuuhakiki umetungwa Ujiji na kijana mmoja ambaye ni mpwa wangu, kwa ajili ya mfululizo wa katuni fupi ambazo yeye na wenzake wawili wanazichora wenyewe bila ya malipo. Sehemu sita zimekwisha kukamilika, kila moja ya dakika tatu au nne, nazo zasimulia habari za mtumbwi wa dagaa na watoto wa mvuvi. Udugu wetu nautaja mapema ili msomaji apime mwenyewe kama nimependelea.

Kijana huyu ameamua kwamba muziki wote uwe wa mtindo wa michezo ya televisheni ya zamani, ile ambayo sisi tuliokuwa watoto katika miaka ya 1990 twaikumbuka kwa mlio wake mwembamba wa kukereketa. Mashine iliyoueneza mtindo huo kuliko nyingine ni Famicom, ambayo kampuni ya Nintendo iliitoa Japani mwaka 1983. Sisi tuliijua kwa nakala zake za bei rahisi. Chipu ya sauti ya mashine ile ilikuwa na njia tano tu: mbili za wimbi la mraba, ambazo hubeba mahadhi; moja ya wimbi la pembetatu, ambayo aghalabu hutumika kwa besi; moja ya mchakacho, ambayo hushika mahali pa ngoma; na moja ya kupigia vipande vifupi vya sauti iliyorekodiwa. Njia ya pembetatu haikuwa hata na uwezo wa kuongezwa wala kupunguzwa nguvu: ama ilie, ama inyamaze. Kwa vifaa duni hivyo Koji Kondo alitunga muziki wa Super Mario Bros. mwaka 1985, na mchezo mzima, picha na muziki pamoja, uliingia katika kilobaiti 40.

Mpenzi wa tenzi hatapata taabu kuelewa kwa nini mtu huuchagua umaskini huu kwa hiari. Mshairi aliyejifunga kwa mizani nane hakufanya hivyo kwa kukosa maneno. Mtunzi mwenye njia mbili tu za mahadhi, akitaka kusikizisha noti tatu kwa pamoja, hana budi kuzipitisha zote katika njia moja kwa haraka, moja baada ya moja, hata sikio lizichanganye lenyewe. Akitaka mwangwi, huiagiza njia ya pili irudie ya kwanza kwa sauti ya chini baada ya kitambo kidogo. Ufundi wote wa muziki huu umezaliwa na shida hizo. Siku hizi wako wengi wanaochukua mlio tu na kuiacha shida: huweka njia ishirini, hutia mvumo wa ukumbi mkubwa, kisha husema kwamba wametunga kwa mtindo wa kale. Hao kwangu ni kama watu watiao vina pasipo mizani. Mpwa wangu hayumo katika kundi hilo. Hutumia FamiTracker, programu ya bure iliyofuata mipaka ya chipu ile, na katika sehemu zote sita hakuivuka.

Fahari ya kazi hii imo katika sehemu ya nne. Wasomaji walio mbali na Ziwa Tanganyika pengine hawajui kwamba dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na kwamba mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hupumzika, maana taa hazivuti samaki tena. Katika sehemu tatu za kwanza mchakacho hausimami: ndio mawimbi, ndio kafi, ndio injini. Sehemu ya nne ni ya usiku wa mwezi mpevu, na mtunzi ameinyamazisha njia ile kabisa. Yabaki pembetatu peke yake na mraba mmoja juu yake. Hakuna mtu anayesema kwamba leo hakuna kazi. Twalisikia jambo hilo kabla baba hajafungua kinywa.

Hapo, kwa bahati mbaya, baba afungua kinywa. Mraba huingia kwa nguvu katika silabi ya kwanza ya maneno yake, nami mara ya kwanza nilisikia “tutakwenda”, nikashangaa kuona mtumbwi umelala mchangani. Kumbe alisema “hatutakwenda”. Kosa hili si dogo, na mtunzi anayeiga kazi za lugha nyingine hawezi kuonywa nalo na mifano yake. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mbele kabisa habari za nani na za ndiyo au siyo. Ukikifunika kichwa, mkia hautakusaidia. Wimbi la mraba, kwa ukali wake, hukaa palepale zinapokaa konsonanti zetu. Basi mahadhi na yangoje neno lianze, ndipo yaingie.

Jambo la pili ni kiitikio. Watoto huimba “twende ziwani”, na mahadhi hupanda hatua kwa hatua hata kufika kileleni katika “ni”, noti ndefu kuliko zote. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho: ni “wa” iliyostahili kilele hicho. Mpwa wangu alinijibu, “Lakini, mjomba, mbona katika taarabu silabi ya mwisho huvutwa hata pumzi iishe?” Ni kweli, na wasomao tenzi kwa sauti nao hukivuta kina. Lakini mwimbaji wa taarabu ana nafasi ya kurembesha. Kiitikio cha silabi tano chapita kama samaki. Tena katika katuni hii mahadhi hayo hurudi mara nyingi bila maneno, na mtoto anayeyasikia hana budi kuyasikia maneno ndani yake. Sababu ya kosa naidhania hivi: muziki wa gemu aghalabu huachwa ukining'inia mwishoni ili urudi mwanzo bila kutua, kwa kuwa mchezaji aweza kukaa mahali pamoja nusu saa. Katuni ya dakika tatu haina haja ya kung'ang'ania mzunguko huo.

Katika sehemu ya tatu bibi aingia na salamu ya Kiha, “Mwakeye”, na mraba waifuata kwa noti zilezile sauti yake ilizopitia. Kiha, kama jirani yake Kirundi, ni lugha ya toni, ambapo kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Kijana ambaye nyumbani kwao Kiha husikika kwa wazee tu ameipima toni ile kwa sikio, bila ya daftari wala mwalimu. Mimi nilikwenda ng'ambo miaka kadhaa kujifunza kufanya hivyo. Laiti angefanya vivyo hivyo kwa Kiswahili chake!

Wako watakaosema kwamba mlio huu si wetu. Aliyesikiliza singeli, kama ile iliyokusanywa mwaka 2017 katika Sounds of Sisso kutoka studio ya Mburahati, Dar es Salaam, hawezi kuuita mgeni kabisa. Hata hivyo sehemu ya tano, inayokimbilia mwendo wa singeli, ndiyo dhaifu kuliko zote. Mtumbwi haukimbii hivyo. Nalo besi la pembetatu limeandikwa chini mno: spika ya simu, ambayo ndiyo ukumbi wa watazamaji wake, hailitoi.

Sehemu ya saba italeta Liemba, meli iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikarudi kazini mwaka 1927. Nilimshauri honi yake iwe pembetatu peke yake, nzito na tulivu. Alikataa. Amezitumia njia zote mbili za mraba kwa noti moja, ya pili ikipotoka kidogo sana, hata zikapigana na kutetemeka. Alinipigia kwa simu ileile yenye spika mbovu, nami nikaona kwamba pembetatu yangu isingesikika hata kidogo.