Mwenye Nyumba Asiyekuwamo

Kila mwaka, mwezi wa Desemba ukiingia, shule na makanisa yetu ya Tanga, Muheza, Pangani na Korogwe huanza kufanya tayari mchezo wa Kuzaliwa kwa Bwana. Watoto huchaguliwa, kanga na mashuka huazimwa, mabawa ya malaika hukatwa katika karatasi ngumu, na tawi la mvinje husimamishwa mbele ya watu. Sisi walimu ndio tuufundishao mchezo huu, kwa hiyo yafaa sisi wenyewe tuupime. Watu huupima mpira, hupima na ngoma, wakasema hii ilikuwa njema na ile haikufaa. Lakini mchezo wa Krismasi hupigiwa makofi tu, kwa kuwa wachezao ni watoto wetu.

Kwanza tutaje sifa zake. Jambo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1223 Fransisko wa Assisi alitengeneza hori yenye nyasi kavu, akaleta na ng'ombe na punda, katika kijiji cha Greccio nchi ya Italia, ili watu wauone kwa macho umaskini wa kuzaliwa kwake Bwana. Tangu siku zile watu wamejifunza habari hii kwa kuitazama. Tena mtoto wa darasa la pili, ambaye darasani hathubutu kuinua mkono, siku hiyo husimama mbele ya mji mzima akasema maneno yake kwa Kiswahili safi. Hiyo si faida ndogo.

Walakini kuna kasoro moja ambayo twaona ni kubwa. Katika michezo yetu karibu yote yuko mwenye nyumba ya wageni. Yusufu abisha hodi, Mariamu yuko nyuma yake amechoka, na mwenye nyumba atoka na fimbo, amefunga mto tumboni, akafoka na kuwafukuza. Watu hucheka mpaka machozi. Watoto hugombana kwa kutaka kuwa yeye, maana ndiye mwenye maneno mengi. Na mchezo ukiisha, jambo linalokumbukwa nyumbani ni fimbo yake na tumbo lake.

Basi na tufungue Injili ya Luka, sura ya pili. Mtu huyu hayumo. Hakuna aliyebisha hodi, wala aliyefoka, wala aliyefukuzwa. Luka asema tu kwamba mtoto alilazwa horini kwa sababu nafasi ilikosekana. Mwenye nyumba tumemtunga sisi, au tumempokea kwa waliomtunga kabla yetu.

Huenda msomaji akauliza, Je, Biblia yetu haisemi nyumba ya wageni? Ndiyo, Biblia ya Muungano iliyotoka mwaka 1952 yasema hivyo, na wafasiri wengi wa lugha nyingine wamefanya vivyo hivyo, hatuwalaumu. Lakini neno la Kiyunani alilotumia Luka hapo ni kataluma, nalo laweza kuwa chumba cha wageni katika nyumba ya mtu. Neno lile lile alilitumia tena katika sura ya ishirini na mbili, kwa habari ya chumba ambamo Bwana alikula Pasaka na wanafunzi wake. Na alipotaka kutaja nyumba ya kupanga kwa fedha, katika mfano wa Msamaria mwema, alitumia neno jingine kabisa, akamtaja na mwenyewe, aliyepewa dinari mbili amtunze majeruhi. Kiswahili chetu kimeyatia maneno hayo mawili katika jina moja, na siku hizi mtoto akisikia jina hilo huwaza gesti ya stendi, yenye namba mlangoni.

Tufikiri pia kama watu wa pwani wafikirivyo. Yusufu alikwenda Bethlehemu kwa kuwa ni mji wa ukoo wake. Mdigo au Mbondei aendaye mji wa babu yake na mke mjamzito, atalala wapi? Hatalala gesti. Ataingia kwa baba mdogo, hata kama nyumba imejaa, na asipoingia ukoo mzima utaona aibu. Na katika nyumba nyingi za vijiji vya Uyahudi ya zamani watu na wanyama walilala chini ya paa moja, watu upande wa juu, wanyama upande wa chini, na hori kati yao. Wachaga wa zamani nao walilala nyumba moja na ng'ombe wao, wala hapana aliyesema kwamba mtoto aliyezaliwa humo alitupwa nje. Basi yawezekana sana kwamba Bwana alizaliwa katika nyumba iliyojaa jamaa, chumba cha wageni kimekwisha kushikwa, na mama akapata pembe alipoweza.

Hapo ndipo twaona hasara ya mchezo wetu. Ukimweka mtu mbaya mwenye fimbo, kila atazamaye hujisemea, "Mimi si kama yule." Hucheka, kisha huenda nyumbani na moyo mweupe. Lakini ukiweka nyumba iliyojaa jamaa, watu wema, wenye mizigo na maneno mengi, ambamo mtoto mchanga alikosa mahali pasipo mtu yeyote kukusudia, kila mmoja ataijua nyumba hiyo. Ni yake mwenyewe.

Maana zitazameni nyumba zetu siku za Krismasi. Ndugu waja kwa basi kutoka Dar es Salaam, Moshi na Arusha. Majirani Waislamu waletewa sahani ya pilau, kama walivyotuletea siku ya Idi. Mambo haya ni mema, nasi hatusemi yaachwe. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila twauliza, Mtoto wa miaka miwili amewekwa wapi? Mara nyingi kitanda chake amepewa mjomba, na chandarua pamoja na kitanda. Yeye alazwa mkekani sebuleni na wenzake sita, bila chandarua. Kila mmoja wetu ajua kwamba mbu waenezao malaria huuma usiku, na kwamba watoto walio chini ya miaka mitano ndio hatarini kuliko wakubwa. Chandarua kile labda mama yake alipewa kliniki kwa ajili yake yeye, wala si kwa mjomba. Mchana wake wageni hula kwanza, watoto hungoja, na aliye mdogo hulala na njaa kabla sinia haijamfikia. Hakuna aliyemchukia. Nafasi tu imekosekana.

Haya hayatokani na mchezo, twajua. Lakini mchezo ndio somo ambalo mji mzima hulihudhuria, hata wasiokuja kanisani siku nyingine, nasi twalitumia somo hilo kumcheka mtu asiyekuwamo.

Basi twatoa shauri kwa walimu wenzetu. Mwondoeni mwenye fimbo. Badala yake wekeni nyumba yenye shangazi, bibi, wajomba na watoto, kila mmoja na mkeka wake, na Mariamu akipita katikati akitafuta pa kuketi. Watazamaji watacheka vilevile, maana watajiona. Neno hori nalo lielezwe, kwa kuwa watoto wa pwani huwaza hori ya bahari, au ule mtumbwi mdogo. Waonyesheni chombo cha kulishia mbuzi, kilichotumika, chenye majani. Na mtoto wa mpira anayeshikwa mguu kichwa chini aachwe kabatini. Kanisa limejaa akina mama wenye watoto mgongoni. Yuko mmoja atakayekubali kumleta wake, naye akilia, mchezo hautaharibika. Tena mchezo uchezwe alasiri, jua lingaliko, ili wadogo walale mapema.

Na kwa wenye nyumba twasema hivi. Kabla wageni hawajafika, hesabuni vyandarua, mhesabu na watoto. Aliye mchanga na mama yake wapate mahali pao kwanza, kisha mama mjamzito, kisha wengine kwa umri wao. Mjomba ni mtu mzima. Akielezwa ataelewa, na mkeka wa barazani una upepo mzuri wa kaskazi mwezi huo. Sahani ya mtoto na ipakuliwe kabla ya sinia la wageni, wala hapana mgeni mwenye adabu atakayeona amevunjiwa heshima.